Utakua Nayo

Mama yangu alikuwa na sentensi moja aliyoitumia kila Januari, shule zilipokaribia kufunguliwa. Fundi cherehani wetu wa Ngamiani, Tanga, alinikabidhi kaptula ya kaki ambayo ingewatosha watoto wawili. Mimi nikaishika kiunoni isidondoke, nikamtazama Mama kwa macho ya kuomba huruma. Naye, bila kunitazama, huku akihesabu fedha za fundi, akasema: “Utakua nayo.” Viatu navyo vilikuwa hivyo hivyo. Vilitiwa pamba mbele, na neno likawa lile lile: “Utakua navyo.”

Kwa miaka kadhaa niliisikia vibaya sentensi ile. Nilidhani anasema “utakuwa nayo”, yaani itakuwa mali yako, usihofu. Sikio la mtoto halitenganishi kwa urahisi kukua na kuwa, na siku hizi hata watu wazima huandika “kua” wanapokusudia “kuwa”, hasa kwenye simu. Lakini tofauti ni kubwa. Neno moja ni ahadi ya kumiliki. Jingine ni ahadi ya kuongezeka. Nilipoijua imla ndipo nilipotambua kwamba Mama hakuwa akiniahidi kitu. Alikuwa akiudai mwili wangu deni.

Nimeikumbuka herufi hiyo moja majira ya baridi yaliyopita, nikiwa nimesimama kando ya shamba la matope nje kidogo ya mji wa Ghent, Ubelgiji, ambako ninaishi na familia yangu. Mwanangu wa miaka 14 alikuwa amekaa chini ya mti, kofia ngumu mapajani, akisema kwamba hataki tena kupanda baiskeli. Baiskeli yenyewe nilimnunulia mimi. Na siku niliyomnunulia nilimwambia, kwa sauti ya Mama: “Utakua nayo.”

Mchezo wake unaitwa saiklokrosi. Kwa asiyeujua, hizi ni mbio za baiskeli zinazofanyika kuanzia Septemba hadi Februari, wakati mvua na baridi zimekwisha kuligeuza shamba kuwa uji. Njia ya mashindano ni mzunguko wa kilomita 2.5 hadi 3.5, nayo hupita kwenye majani, mchanga, matope na vilima vifupi vilivyosimama wima, kiasi kwamba mwendeshaji hana budi kushuka, kuitia baiskeli begani na kukimbia. Huwekwa pia mbao za kukingama njiani, zisizozidi kimo cha sentimita 40. Wengi huziruka kwa miguu, baiskeli mkononi. Mabingwa wachache huziruka wakiwa juu ya baiskeli. Chombo chenyewe kinafanana na baiskeli ya mbio za barabarani, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, ila tairi zake zina meno, na katika mashindano ya kimataifa upana wa tairi haupaswi kuzidi milimita 33.

Mchezo huu ulianzia Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, na mshindi alikuwa Jean Robic, aliyekwisha kushinda Tour de France mwaka 1947. Robic alikuwa mtu wa kimo cha mita 1.61. Nilikuwa nikiijua habari hiyo kama watu wajuavyo habari za mashujaa, bila kujiuliza ina maana gani kwa mtoto aliyekuwa nyumbani kwangu. Leo mchezo una makao yake makuu Flanders, sehemu ya Ubelgiji inayozungumza Kiholanzi. Kila Novemba Mosi maelfu ya watu hukusanyika Oudenaarde kuwatazama waendeshaji wakikipanda kilima cha Koppenberg, na huko Koksijde hukusanyika kuwatazama wakizama katika mchanga wa pwani. Mtoto akikulia hapa, kuutamani mchezo huu si ajabu, kama vile mtoto wa Tanga anavyoutamani mpira.

Mimi sikukulia katika vipimo. Tanga ni mji wa baiskeli, lakini nyumbani kwetu baiskeli ilikuwa moja, Phoenix nyeusi ya Kichina yenye magurudumu ya inchi 28, na vimo vya waliotaka kuipanda vilikuwa sita. Watoto tulijifunza kwa kupenyeza mguu wa kulia chini ya bomba la juu, mwili ukiinamia upande mmoja, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine umekikumbatia kiti. Hakuna aliyeuliza kama baiskeli ile ilikuwa ya saizi yetu. Mwaka ukafika mguu ukapita juu ya bomba, na siku hiyo nilihesabiwa miongoni mwa wakubwa. Basi nilijifunza kwamba mwili ndio unaoifuata baiskeli. Nililishika somo hilo bila kulichunguza, nikasafiri nalo hadi Ulaya.

Ndiyo maana nilipoipata baiskeli ya saiklokrosi iliyotumika, safi, kwa euro 600, namba 54 imechapwa kwenye bomba lake, sikusita. Niliona kwamba baiskeli ndogo ingemtosha mtoto misimu miwili tu, kisha ningetakiwa kutoa fedha tena. Muuzaji alisema mtoto bado anarefuka. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia. Mwanangu aliisimamia baiskeli, mguu huku na mguu huku, bomba la juu likamgusa, akalazimika kusimama kwa vidole vya miguu.

“Unaionaje?” nikamuuliza.

“Ni kubwa kidogo, Baba.”

Nikamjibu nilivyomjibu.

Wiki za mwanzo alilalamikia shingo. Kisha akasema vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vinamfa ganzi, na asubuhi moja nikamwona akiitikisa mikono kabla ya kushika kalamu. Nikasema ni baridi. Kwenye mazoezi alikuwa mzuri palipokuwa tambarare, lakini penye kona za matope gurudumu la mbele lilimtoroka. Kushuka na kupanda tena, jambo ambalo katika mchezo huu hufanywa mara nyingi ndani ya dakika chache, kulikuwa kwake kama kupanda ukuta. Siku ile ya mbio alishuka kwenye mbao akiwa amechelewa, paja likakwama kwenye bomba la juu, akaangukia kifua juu ya usukani. Hakuumia sana. Aliinuka, akaisukuma baiskeli hadi nje ya kamba, akakaa chini ya mti.

“Mimi si mzuri kwa hii, Baba,” akasema, kwa Kiswahili chake cha mtoto aliyezaliwa ughaibuni. “Wenzangu wote wanaweza. Mimi mwili wangu hauko sawa.”

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Hakusema baiskeli haiko sawa. Alisema mwili wake. Chombo kisipokuwa cha kipimo chako, aghalabu kosa la chombo hulioni. Unajiona wewe ndiwe kosa. Nimewaona vijana wa ushairi wakipatwa na hali hiyo hiyo. Kijana anapewa bahari asiyoiweza bado, anatakiwa kutunga beti kumi zenye vina vya kati na vya mwisho kabla sikio lake halijazoea hata mstari mmoja wa mizani nane kwa nane, na anaposhindwa hasemi kwamba amebebeshwa mzigo wa mtu mwingine. Husema: sina kipaji. Kisha huacha, nasi hatujui tumempoteza nani.

Pale uwanjani palikuwa na mzee mmoja ambaye huwatengenezea watoto wa klabu baiskeli zao bila malipo. Alikuja, akamwomba mwanangu aisimamie baiskeli, akatazama. Kisha akamwambia akiweke kiwiko kwenye ncha ya mbele ya kiti na kunyoosha vidole kuelekea usukani. Kwa baiskeli inayomfaa mtu, vidole hukaribia kuugusa usukani. Vya mwanangu vilibaki mbali. Mzee alisema hicho ni kipimo cha haraka tu, cha kukisia, lakini mimi nilikitambua: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole ni dhiraa, mkono wa wafanyabiashara wa nguo wa pwani yetu tangu enzi za mababu. Sikutarajia kuukuta Flanders.

“Nani alimpima mtoto huyu?” mzee akauliza.

Nikanyamaza. Hakumpima mtu.

“Na hii 54 ni urefu wa nini?”

Hilo nalo sikulijua. Nilikuwa nimenunua namba bila kuuliza inahesabu kitu gani. Mzee akanieleza. Hapo zamani, bomba la juu lilipokuwa limelala sawa na ardhi, namba ya fremu ilikuwa urefu wa bomba la kiti kwa sentimita, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli kwenda juu. Hata hapo mafundi hawakukubaliana: baadhi walipima hadi mwisho wa bomba, wengine hadi mahali linapokutana na bomba la juu, katikati yake. Siku hizi bomba la juu la fremu nyingi huinama kuelekea nyuma, hivyo bomba la kiti limefupishwa, na namba imebaki kama jina tu. Hamsini na nne ya kiwanda hiki si hamsini na nne ya kiwanda kile. Ukitaka kuijua fremu, alisema, usiiulize namba yake. Iulize mambo mawili: kutoka kwenye ekseli ya pedeli, bomba la mbele linaloshika usukani limepanda juu kiasi gani, na limekwenda mbele kiasi gani.

Usiku ule tulipima nyumbani. Mtu husimama bila viatu, mgongo ukutani, miguu ikiachana kidogo, akabana kitabu kigumu katikati ya miguu na kukipandisha juu hadi kikaze kwenye msamba, kama vile uzito wake unavyokaa kitini. Uti wa kitabu hugusa ukuta, na mtu wa pili hupima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kitabu kigumu kilichokuwa karibu kilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, chapa ya 1981, nakala yangu ya zamani iliyojalidiwa upya. Mwanangu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alisema hatimaye kamusi imempata.

Sentimita 76. Nikaweka alama ya penseli ukutani.

Ziko kanuni mbili za kale ambazo waendesha baiskeli bado wanazitumia kama mahali pa kuanzia. Ya kwanza huuzidisha urefu huo wa mguu kwa 0.65 ili kupata bomba la kiti la fremu ya zamani. Kwa mwanangu, 49.4. Ya pili, iliyoenezwa na Mmarekani Greg LeMond, huuzidisha kwa 0.883 ili kupata umbali kutoka ekseli ya pedeli hadi juu ya kiti. Kwa mwanangu, sentimita 67.1. Katika saiklokrosi wengi hukishusha kiti kidogo chini ya hapo, ili kushuka na kupanda kuwe kwepesi. Kila nilivyopiga hesabu, 54 ilikuwa baiskeli ya mtu ambaye mwanangu hajawa. Labda atakuwa. Ile w ilirudi kunisuta.

Tulikaa mezani na karatasi, mimi na yeye, tukiandika vipimo. Hapo likaja tatizo ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalifurahia: tuviite nini? Ule urefu wa kwenda juu nilipendekeza tuuite kimo, naye akakubali. Ule wa kwenda mbele nilianza kuhangaika nao, nikataja ufikio, nikataja mnyoosho, yeye akikunja uso. Mwishowe akasema, “Mkono. Baiskeli ya Baba mkono wake ni mrefu.” Sikuwa nimemweleza habari ya dhiraa. Aliutazama mchoro, akaona kitu kinachonyoosha mkono, akakipa jina ambalo wafanyabiashara wa Pwani walikwisha kulitumia kwa kipimo. Tangu hapo nyumbani kwetu fremu ina kimo na mkono, na sijaona sababu ya kutafuta maneno mengine.

Fremu yenyewe nilimfundisha kuiita kiunzi, akaniuliza kama ndicho kile cha mbio za kuruka viunzi. Nikamwambia ndicho: neno moja kwa mifupa ya chombo na kwa kizuizi cha kurukwa. Akafikiri kidogo, akasema basi kwenye mbio zake mtu hukibeba kiunzi ili aruke viunzi. Nami nilikuwa nimekitumia Kiswahili zaidi ya miaka arobaini bila kuliona hilo.

Siku ya pili nilimrudia mzee nikiwa na ujanja wa mtu asiyetaka kupoteza fedha. Je, hatuwezi kuifupisha ile shingo ya chuma inayoushika usukani? Je, hatuwezi kukisogeza kiti mbele? Mtunzi wa mashairi hupewa uhuru wa namna hiyo. Neno likizidi mizani hulifupisha, tukaiita inkisari; likipungua hulirefusha, tukaiita mazida; kina kikikataa hugeuza silabi, tukaiita tabdila. Nilitaka fundi anifanyie inkisari ya baiskeli.

Mzee hakukataa kwamba inawezekana. Sentimita moja au mbili, alisema, hurekebishwa kila siku, na ndiyo kazi yake. Lakini shingo ikifupishwa mno, usukani huwa mwepesi kupita kiasi na gurudumu la mbele huanza kuyumba kwa kila mguso. Kiti kikisogezwa mbele mno, magoti hupita mbele ya pedeli kuliko inavyostahili na mzigo wa mwili huangukia mikono ile ile iliyokwisha kufa ganzi. Na juu ya yote hayo, bomba la juu lingebaki pale pale lilipo. Mtu akiteleza matopeni na kutua miguu yote miwili kwa ghafla, nafasi kati ya bomba na msamba ndiyo kinga yake. Mwanangu hakuwa na nafasi hiyo hata kidogo. Mtunzi anajua jambo hili: shairi likihitaji inkisari katika kila mstari, kosa haliko katika maneno, liko katika bahari iliyochaguliwa.

Basi tukaanza kutafuta upya, na hapo nikakaribia kutenda kosa la upande wa pili. Baada ya kuaibika kwa ukubwa nilikimbilia udogo. Nilikuwa nimesoma kwamba wakongwe wa saiklokrosi walishauri fremu iliyo ndogo kidogo kuliko ile ya barabarani, kwa kuwa ekseli ya pedeli katika baiskeli nyingi za zamani za mchezo huu iliinuliwa juu zaidi ili kuvuka vizuizi, na bomba la juu likainuka pamoja nayo. Ushauri una sababu zake. Nikachukua 48 ya kujaribu. Kiti kilipandishwa sana, usukani ukawa chini mno. Alipokata kona ya taratibu, ncha ya kiatu iligusa tairi la mbele. Na alipotaka kuitia begani, mkono haukupata pa kupita: pembetatu ya fremu ilikuwa finyu, bomba likamkaa shingoni badala ya begani. Katika mchezo ambao chombo hukubeba nawe ukakibeba, fremu yapasa kuutosha mwili kwa namna mbili, ukiwa juu yake na ikiwa juu yako. Hilo la pili halimo katika namba yoyote. Hujulikana kwa kuibeba na kukimbia nayo.

Tulipata ya 50. Aliisimamia, visigino vyake vikagusa ardhi, pakabaki nafasi ya vidole vitatu chini ya msamba. Aliposhika usukani viwiko vyake vilipinda. Nilikuwa sijawahi kuviona vikipinda juu ya baiskeli. Siku zote mikono yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu anayezuia mlango. Akaitia begani, akakimbia hadi mwisho wa ua na kurudi. Ile 54 niliiuza kwa euro 450 kwa mtu mzima mrefu, aliyeifurahia.

Usiku huo nilitunga ubeti, kwa kuwa ndivyo ninavyoomba radhi:

Nguo ya kukua nayo, hungoja mwaka ufike,
Si chombo chendacho mbiyo, leo chataka kishike,
Mwana nimpe kwa moyo, apande asianguke,
Nipime wayo kwa wayo, kimo cha leo ni chake.

Wajuzi wataiona inkisari katika “chendacho” na tabdila katika “mbiyo”. Mbili kwa ubeti mmoja. Mzee wa Flanders angeniruhusu.

Ijumaa nikampigia Mama simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizia mjukuu, nilimsimulia habari yote, kisha nikasema, kwa mzaha uliokuwa na lawama ndani yake, kwamba kosa lilianzia Ngamiani kwenye kaptula zake za kaki. Nikamsomea na ubeti.

Alikaa kimya. Nilidhani simu imekatika.

“Mstari wa kwanza si kweli,” akasema. “Kaptula gani hiyo iliyokungoja? Ulikuwa ukirudi nayo kutoka kwa fundi, usiku naikunja. Upindo wa vidole vinne chini, na kiunoni mshono wa mkono. Kila likizo nafumua kidogo. Mwanangu, wewe hukuenda shule hata siku moja na nguo isiyokukaa.”

“Na viatu?”

“Pamba naipunguza. Nani mwingine aliyekuwa akiipunguza?”

Nikamwona, kwa kuchelewa kwa miaka zaidi ya thelathini, kando ya kibatari, kaptula mapajani, sindano mdomoni. Nilikuwa nimeibeba sentensi yake na kuisahau kazi iliyoandamana nayo. Na sentensi yenyewe ilikuwa ikinieleza muda wote, ila nilikuwa nimeishughulikia herufi w nikaisahau na. Hakusema nitakua hadi niijaze. Alisema nitakua nayo. Ile “na” ni ya pamoja, kama katika kuja naye na kula naye. Mimi nilikuwa nikirefuka, na kaptula nayo ilikuwa ikirefuka, upindo kwa upindo, kwa mkono wa mtu aliyekuwa akinitazama. Deni halikuwa la mwili wangu. Alikuwa akililipa yeye.

Fremu haina upindo. Alumini na kaboni hazifumuliwi. Lakini kinachowekwa juu ya fremu kina upindo kidogo, na sasa ninajua kwamba katika kuichagulia fremu mtoto anayekua hapo ndipo pa kutazama. Nguzo ya kiti ichaguliwe fremu ambayo kwayo inaweza kupandishwa sentimita kadhaa bila kuvuka ile alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Shingo ya usukani iwe ya kuweza kubadilishwa kwa nyingine ndefu kwa sentimita moja au mbili bila kuuharibu mwenendo wa baiskeli. Fremu iwe ya leo; nafasi ya kesho iachwe katika vile vinavyolegezwa na kukazwa. Na awepo mtu wa kulegeza na kukaza. Kumnunulia mtoto 54 na kuondoka si kumwachia nafasi. Ni kumwachia kazi yote peke yake.

Mstari wa kwanza nimeubadilisha. Sasa unasema:

Nguo ya kukua nayo, upindo mama aweke.

Mwanangu amerudi kwenye mbio. Hashindi. Mara ya mwisho nilipohesabu alikuwa na kumi nyuma yake na wengi zaidi mbele yake, matope hadi kwenye nyusi. Vidole havimfi ganzi tena. Akianguka huinuka akiilaani kona, hajilaani mwenyewe, na hilo kwangu ni zaidi ya medali.

Juzi alinijia jioni na kamusi mkononi, bila kuitwa, akasimama kwenye ile alama ya penseli.

“Baba, nipime.”

Sentimita 77.5. Tukaenda kibarazani, nikachukua spana ya pembe sita, nikailegeza nguzo ya kiti, tukakipandisha kwa sentimita moja na kidogo. Yeye akashika baiskeli, mimi nikakaza.

“Upindo?” akauliza.

“Upindo,” nikamjibu.